Kipachiko, kuchonga na kusaga: maneno ya karakana ya mbao na chuma

kipachiko *nm vi-* [ki-/vi-] kifaa kinachopachikwa kwenye mashine ili iweze kufanya kazi ambayo haikuundiwa, na ambacho huweza kupachuliwa bila kuiharibu: *~ cha kuchongea mbao*.

Katika kata ya Ruhuwiko, upande wa Manispaa ya Songea ulipo uwanja wa ndege, mgeni akiuliza iliko mashine ya kusaga ataelekezwa kwenye mahindi. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa nafaka hiyo, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Songea. Hakuna mtoto wa mji huo asiyeujua mlio wa mashine ya kusaga, foleni yake ya ndoo na madebe, na tofauti ya dona na sembe. Ikiwa mgeni huyo alikuwa akitafuta mtu wa kumtengenezea kipande cha chuma kwa ajili ya mashine yake ya useremala, jibu alilopewa litakuwa limempoteza. Aliyemjibu hana kosa. Kosa liko kwa aliyemfundisha neno hilo, na mara nyingi huyo ni mfasiri wa kitabu cha maelekezo.

Mashine inayokusudiwa ni ya chuma, nayo huweza kuwa ndogo kiasi cha kuenea katika chumba cha nyuma ya nyumba. Ina meza inayosogezwa mbele na nyuma, kulia na kushoto, na juu ya meza hiyo kuna kichwa chenye mhimili unaozungusha kisu. Kitu kinachofanyiwa kazi hufungwa juu ya meza. Kisu huzunguka mahali pake na kukipunguza kidogo kidogo mpaka umbo linalotakiwa libaki. Kiingereza huiita mashine hii kwa neno lililozaliwa kwenye kinu cha nafaka. Huko Ulaya vinu vya maji na vya upepo vilivyoanza kwa kusaga ngano vilikuja kuendesha misumeno na nyundo za wahunzi, na jina la kinu likaenea hata likashika viwanda vya kila aina. Safari hiyo ya maana ni historia ya Kiingereza, na mfasiri hana haki ya kuidai kwa Kiswahili.

Inafaa kuongeza kwamba Kiswahili nacho kilifanya safari inayofanana na hiyo, ila kwa nomino. *Kinu* kilitoka kwenye kutwanga, kikawa kinu cha mafuta, kikawa kinu cha moshi, na leo vyombo vya habari huzungumzia vinu vya nyuklia bila mtu kushangaa. Lakini kinu kilisafiri peke yake. Kitenzi *saga* kilibaki nyumbani.

Kusaga

Kusaga ni kukivunjavunja kitu kizima kiwe unga au rojo, na unga au rojo hiyo ndiyo inayotakiwa. Mahindi husagwa, karanga husagwa, ugoro husagwa, nyama husagwa. Kilichokuwa kizima hakibaki, na hakuna anayetaka kibaki. Hata katika matumizi ya mbali zaidi, kama kusaga meno au mtu kusagwa na gari, wazo la kuponda halijatoweka.

Katika mashine ya chuma mambo ni kinyume kabisa. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa, na unga hufagiliwa. Fundi akiamriwa kuusaga ubao wa mninga, naye akaitii amri hiyo kwa uaminifu, atakuwa na unga wa mbao na hatakuwa na ubao. Kigezo hiki cha kuuliza *ni kipi kinachotakiwa, kilichobaki au kilichotoka?* ndicho chenye kutegemewa zaidi katika kuchagua kitenzi cha karakana, na kitatumika katika makala haya yote.

Kuna sababu nyingine ya kulikwepa neno hilo, na hii inahusu usalama. Karakana nyingi zina mashine ya jiwe linalozunguka, ambayo mafundi wengi huiita *grinda*. Baadhi ya wafasiri huiita hiyo pia mashine ya kusaga, au ya kusagia vyuma. Matokeo yake ni kwamba katika kitabu kimoja mashine mbili tofauti hupewa jina moja: moja yenye kisu chenye meno, nyingine yenye jiwe la kunolea. Jiwe lina kasi yake ya juu isiyopaswa kuvukwa, lina kizuizi chake cha cheche, na likipasuka hurusha vipande. Onyo lililoandikwa kwa ajili ya jiwe likisomwa na mtu aliyesimama mbele ya kisu, au la kisu likasomwa na aliyesimama mbele ya jiwe, halimlindi yeyote kati yao.

Kuchonga

Neno lipo, nalo lina umri mkubwa kuliko mashine. *Kuchonga* ni kuondoa sehemu za kitu kigumu kwa chombo chenye makali ili kupata umbo. Mtumbwi huchongwa kwa tezo, mwiko huchongwa, penseli huchongwa, na kinyago cha mpingo huchongwa na Mmakonde. Ufunguo nao huchongwa, ingawa kinachouchonga siku hizi ni kimashine cha umeme kilichowekwa mezani kando ya barabara. Katika matumizi haya yote kilichobaki ndicho kinachotakiwa.

Muhimu zaidi ni kwamba wasemaji wenyewe wamekwisha kulihamishia neno hili kwenye chuma bila kungoja kamati. Dereva ambaye spea ya gari lake haipatikani dukani huenda *kuchongesha* spea. Huzungumzwa kuhusu *spea ya kuchonga* kwa kuitofautisha na ya dukani, na mtu anayetoa huduma hiyo ni *fundi wa kuchonga spea*. Mfasiri anayeandika *mashine ya kuchonga vyuma* kwa hiyo habuni kitu. Anaandika kile ambacho msomaji angekisema.

Ubaya wa *kuchonga* ni upana wake. Mashine kadhaa huchonga, na matini ya kitaalamu huhitaji kuzitenga. Pale ambapo utata ni hatari, maelezo marefu ni bora kuliko jina fupi lisiloeleweka: *mashine ya kuchonga yenye meza inayosogea na kisu kinachozunguka*. Maelezo hayo yakishatolewa mara moja mwanzoni, *mashine ya kuchonga* peke yake hutosha. Tohozi *milingi* lina nafasi katika matini yanayosomwa na waliopitia vyuo vya ufundi, lakini kwa msomaji wa kawaida halifafanui chochote.

Majirani wa kuchonga yanastahili kutajwa, kwa kuwa mkanganyiko huanzia kwao. *Kukereza* ni kwa kitu kinachozunguka chenyewe huku kisu kikitulia. Miguu ya duara ya vitanda vya Zanzibar na Lamu imekerezwa, na mashine yake ni *kerezo*. Tofauti ya kukereza na kuchonga ni ya nani azunguke: katika kerezo huzunguka kazi, katika mashine ya kuchonga huzunguka kisu. Mwalimu atakayelikazia swali hilo moja atawaokoa wanafunzi na kurasa nyingi za maelezo. *Kupiga randa* ni kulainisha uso wa ubao, na takataka zake zina jina lake, *maranda*, ambayo wafugaji huyatandika katika mabanda ya kuku. *Kupasua* na *kukata* hutenganishwa kwa makini na watu wa mbao: gogo hupasuliwa kwa urefu likatoa mbao, ubao hukatwa kwa upana ukatoa vipande. Mashine ndogo za kupasulia magogo katika misitu ya kupandwa ya Nyanda za Juu Kusini zimepewa na watumiaji wake jina la *dingdong*. Hakuna msanifishaji lugha ambaye angethubutu kulipendekeza, lakini kila anayefanya biashara ya mbao huko analielewa.

*Keekee* ni ya kutobolea. Katika keekee ya zamani iliyozungushwa kwa uta, kila sehemu ilikuwa na jina: chuma kinachotoboa, mti uliokishika chuma hicho, ambao uliitwa *msukano*, na kishikio cha juu. Msukano ni wa shina *suka*. Wanaolalamika kwamba Kiswahili hakina neno la sehemu ya mashine inayoshika kisu na kuzunguka nacho wangefanya vyema kulikumbuka. Kulirudisha leo kungehitaji maelezo, kwa hiyo halipendekezwi hapa kwa kitabu cha maelekezo. Ila hoja ya kwamba lugha ni maskini haina msingi.

Msamiati wa karakana kwa jumla una matabaka, na kila tabaka lina asili yake. *Karakana* na *randa* ni za Kiajemi, *kalibu* ni ya Kiarabu, *gundi* ni ya Kihindi, *parafujo* ni ya Kireno, *bolti, nati* na *spana* ni za Kiingereza. *Msumeno* umejengwa juu ya meno yake yenyewe, na *msasa* ni jina la mti ambao majani yake makavu hukwaruza kiasi cha kulainishia mbao. Jambo la kuvutia kwa Songea ni kwamba watawa Wabenedikto kutoka Ujerumani walifika Peramiho, mwendo mfupi magharibi ya mji, mwaka 1898, na ufundi ukawa sehemu ya kazi ya misheni yao. Hata hivyo, Kijerumani hakina alama kubwa katika msamiati sanifu wa useremala. Kiliacha *shule* na *hela*, lakini randa ilibaki randa.

Kipachiko au kiambatisho?

Mtu mwenye mashine ya kuchonga chuma nyumbani hufika siku akatamani kuitumia kwa mbao. Kizuizi ni kasi. Mashine ndogo za aina hii huzunguka kwa kawaida kati ya mara mia kadhaa na mara elfu mbili au tatu kwa dakika, kasi inayofaa chuma. Mashine ya mkono ya kuchongea mbao, ile inayoitwa *ruta*, huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000. Hesabu yake ni rahisi. Kisu chenye kipenyo cha milimita 12 kikizunguka mara 2,500 kwa dakika, makali yake husafiri takriban mita 94 kwa dakika. Kikizunguka mara 24,000, husafiri zaidi ya mita 900. Katika kasi ya kwanza kisu huchana nyuzi za mbao na kuacha uso wenye manyoya; katika ya pili hukata.

Kwa hiyo fundi hutengeneza kifaa: bamba nene la alumini lenye tundu mbili. Tundu moja hubana kichwa cha mashine, nyingine hubana kiwiliwili cha ruta. Kila tundu ina mwanya upande mmoja na bolti inayouvuta mwanya huo ufumbe, hivyo pete nzima hukaza bila kukwaruza kilichomo. Ruta nyingi ndogo zina kiwiliwili cha milimita 65, lakini fundi mwenye busara hupima yake kwa vernia kabla ya kutoboa, kwa maana tundu iliyozidi nusu milimita haibani na iliyopungua haipitishi. Kazi ikiisha, bolti hulegezwa, kifaa hutolewa, na mashine hurudi kwenye chuma.

Kifaa hicho kiitwe nani? Jibu linalokuja haraka ni *kiambatisho*, na ni jibu baya.

*Kiambatisho* kina makazi yake. Ni karatasi iliyotiwa pamoja na barua, au faili lililotumwa pamoja na baruapepe. Hayo yangeweza kuchukuliwa kuwa ni mazoea tu, na mazoea hubadilika. Lakini kuna sababu ya ndani zaidi, iliyomo katika muundo wa kitenzi. *Ambata* ina kiambishi *-at-*, ambacho katika vitenzi kama *kamata, fumbata* na *nata* hubeba wazo la mgusano unaodumu: kitu kimegusana na kingine na kimeshika. *Pachika* ina *-ik-* ya kuweka mahali, ile ya *anika, bandika, funika* na *chomeka*. Vitenzi vya kundi hili la pili vina tabia moja nzuri sana, nayo ni kuwa na wenzi wa kutendua: *anika* na *anua*, *bandika* na *bandua*, *funika* na *funua*, *chomeka* na *chomoa*, *pachika* na *pachua*. Kuweka na kuondoa ni nusu mbili za tendo moja.

Upande wa *ambata*, anayetafuta kinyume chake atakutana na *ambua*. Na kuambua ni nini? Ni kubandua ganda la mti, gome, ngozi. Kinachoambuliwa huacha jeraha. Lugha inasema waziwazi kwamba kilichoambatana hakitengani kwa amani, ilhali kipachiko kimekusudiwa kutoka. (Wanaisimu walipochagua *kiambishi* kwa ajili ya vipande vya maneno walitumia shina hilo hilo, na walifanya vyema: *m-* ya *mtu* haipachuliwi jioni na kurudishwa asubuhi.)

Maneno mengine yaliyojaribiwa hayafiki mbali. *Kishikizo* ni kifungo cha nguo au kitu cha kufungia. *Kishikio* ni cha mkono. *Kiungo* kina kazi nyingi mno, mwilini na jikoni. *Nyongeza* na *kifaa cha ziada* si makosa, ila hayasemi lililo muhimu, yaani kwamba kitu hiki huingia mahali pake na kutoka. Sanduku la visu vya akiba ni kifaa cha ziada pia.

Katika matini ya kawaida, maelezo *kifaa cha kupachika* yatumike kwanza, kisha *kipachiko* lifuate kama ufupisho wake. Neno hili ni la utaratibu wa kawaida wa *ki- ... -o* unaotoa *kizuio* kutoka *zuia* na *kifuniko* kutoka *funika*, na msomaji yeyote anayejua *pachika* atalielewa. Anayeona bado ni geni na abaki na *kifaa cha kupachika*. Hatapoteza kitu isipokuwa nafasi.

Cha kuchongesha

Kifaa kilichotengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja hutajwa katika Kiingereza kwa neno linalomaanisha pia mila na, likiwa katika wingi, ushuru wa forodha. Tafsiri za kompyuta hushikilia maana ya kwanza na kutoa *kiambatisho cha desturi*, kana kwamba ni kitu cha kuvaliwa unyagoni. Wafasiri waangalifu zaidi huandika *kilichotengenezwa mahsusi*, na hilo ni sahihi, ingawa lina harufu ya tangazo la zabuni.

Kiswahili kina njia yake, nayo iko katika kauli ya kutendesha. Anayekwenda dukani hununua nguo. Anayekwenda kwa fundi *hushonesha*. Ufunguo *huchongeshwa*. Katika maumbo haya *-esh-* haimaanishi kulazimisha. Inamaanisha kumpa mwenye ujuzi kazi aifanye kwa kipimo chako. Kipachiko ambacho mtu alipeleka vipimo vyake kwa fundi ni *kipachiko cha kuchongesha*, na ambacho alikitengeneza mwenyewe ni *kipachiko alichojichongea*. Lugha imeweka tofauti ambayo neno la Kiingereza haliioni kabisa, na mfasiri hulazimika kumuuliza mwandishi: nani alikichonga?

Matini ya mfano

Sentensi zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida katika tafsiri za maelekezo ya mashine:

*Ambatisha kiambatisho cha desturi kwenye mashine ya kusaga. Weka kipanga njia ndani ya kishikilia na ukiimarishe. Lisha mbao dhidi ya uzio, dhidi ya mzunguko.*

Hakuna neno hapo ambalo halina utetezi katika kamusi fulani. Pamoja, hayamwelekezi mtu popote. *Kipanga njia* ni kifaa cha mtandao wa intaneti, kilichoingia kwa sababu Kiingereza hutumia tahajia moja kwa kifaa hicho na kwa mashine ya kuchongea mbao. *Uzio* ni wa shamba au wa nyumba. *Kulisha* ni kwa mwenye mdomo. Haya yanaweza kuchekesha na kuishia hapo, kwa sababu msomaji ataona mara moja kwamba kuna kosa.

Lililo hatari ni *dhidi ya*, kwa kuwa halichekeshi. Kiingereza hutumia kihusishi kimoja kwa mambo mawili: ubao kuegemea kitu, na ubao kwenda upande ulio kinyume na mwendo wa kitu. *Dhidi ya* haina maana ya kuegemea. Ina maana ya upinzani tu: vita dhidi ya malaria, mechi dhidi ya timu fulani. Msomaji anayejaribu kuelewa sentensi ile ya mwisho anaweza kuhitimisha kwamba ubao unapaswa kuwa mbali na huo uzio, au akaona maneno yamerudiwa bure na kuipuuza sehemu ya pili. Sehemu ya pili ndiyo inayolinda vidole. Ubao ukisukumwa kufuata mzunguko wa kisu, kisu huunyakua, huuvuta kwa kasi yake, na mkono uliokuwa ukiusukuma hujikuta umefuata. Ukisukumwa kinyume na mzunguko, kisu huupinga, na fundi ndiye anayeamua mwendo.

Matini hayo hayo yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha karakana:

*Pachika kifaa ulichochongesha kwenye kichwa cha mashine ya kuchonga, kisha kaza bolti yake. Ingiza ruta ya mbao katika pete ya pili na ukaze tena. Egemeza ubao kwenye ubao wa kuegemezea uliobanwa mezani. Tazama kisu kinazunguka kuelekea wapi, kisha usukume ubao kinyume na mzunguko huo. Usiusukume kamwe kufuata mzunguko.*

Ni marefu zaidi. Amri ya mwisho imesemwa mara mbili, mara moja kwa kukubali na mara moja kwa kukataza, na mhariri anayehesabu maneno atatamani kuifuta moja. Asiifute.

Mambo mawili katika matini hayo yanahitaji neno zaidi. La kwanza ni *ubao wa kuegemezea*. Wapo wanaotumia *mwongozo*, ambalo lingekuwa zuri kama lisingekuwa pia jina la kitabu chenyewe ambamo maelekezo hayo yamo. Kulitohoa neno la Kiingereza la kitu hicho hakufai hata kidogo, maana utohozi wake wa kawaida ungezaa *gaidi*. La pili ni jozi ya *kaza* na *bana*. Kinachokazwa ni kile kinachozungushwa au kuvutwa: bolti, nati, kamba. Kinachobanwa ni kile kinachoshikwa katikati: ubao katika *jiliwa*, ambayo vijana wa karakana huiita zaidi *vaisi*, au ruta katika pete. Sentensi *kaza ubao* hueleweka, lakini humfanya fundi amtazame msemaji kwa huruma. Kutendua kwake ni *legeza* kwa bolti na *achia* kwa ubao.

Mwandishi wa maelekezo ya namna hii asisahau unga. Unga wa mbao ukichanganyika na mafuta ya njia za mashine ya chuma hufanya uji mzito, huvuta unyevu, na chuma hushika kutu. Hapa *unga wa mbao* ni neno sahihi, na *maranda* si sahihi, kwa sababu ruta haitoi mapande membamba yaliyojikunja kama ya randa. Maelekezo yaseme *funika njia za meza kwa turubai au karatasi nzito kabla ya kuchonga mbao, na ufagie kabla ya kurudi kwenye chuma*. *Safisha mashine* peke yake haitoshi, kwani wengi huisafisha kwa maji.

Upatanisho na tahadhari moja

*Kipachiko* hufuata ngeli ya ki-/vi- bila tatizo: *kipachiko hiki kimekazwa, vipachiko hivi vimekazwa*. *Ruta* hukaa katika ngeli ya i-/zi-, *ruta hii, ruta hizi*, kama yalivyo maneno mengi ya mkopo. *Kisu* cha mashine huitwa kisu hata kikiwa hakina mpini wala ncha. Anayeona hilo ni la kienyeji akumbuke *visu vya randa*, ambavyo hakuna aliyewahi kuvipinga.

Tahadhari inahusu kauli ya kutendea. *Chongea* ina maana mbili: kuchonga kwa ajili ya mtu, na kumsemea mtu kwa mkubwa ili adhuriwe. Maana ya pili ina nguvu kiasi kwamba hutangulia katika akili ya msikilizaji pale ambapo yambwa ya kitu haikutajwa. *Fundi amemchongea mteja wake* ni habari mbaya. *Amechongewa* peke yake ni habari mbaya zaidi, na kwa kawaida huishia kwa mwajiri. Katika maelekezo, ankara na mikataba ya karakana, kitu kilichochongwa kitajwe daima baada ya kitenzi: *fundi amemchongea mteja wake kipachiko, mteja amechongewa kipachiko cha milimita 65*.